Mtunza Maabara na Kopo la Sijui

Nilikariri biolojia kama nilivyokariri juzuu ya Amma. Ndilo kosa langu, na nalitaja mapema ili msije mkadhani mnasimuliwa na mtu mwenye akili. Nikiwa mdogo kule Kwedizinga nilisomea chuo cha maalimu, na kwa kughani nilikuwa hodari: sura baada ya sura, pasipo kukosa. Basi nilipochukuliwa, baada ya kidato cha nne, kusomea uganga wa vijijini katika chuo kimoja pale Korogwe, nikajiambia kwamba daftari la biolojia nalo ni kitabu. Nikalitia sauti. Nikalighani lote, tangu seli hadi figo, huku nikitikisa kichwa.

Siku ya mtihani wa kwanza swali lilihusu figo. Nami nisingeweza kufika kwenye figo bila kuanzia kwenye seli. Nikaanza. Midomo ikawa inacheza, macho nimefumba. Msimamizi akanisogelea taratibu, akadhani namwomba Mungu, akaniacha kwa heshima. Kengele ilipolia nilikuwa ndiyo kwanza naingia kwenye mapafu. Nilipata alama kumi na moja kwa mia, na mpaka leo sijui hizo kumi na moja zilitoka wapi.

Mkuu wa chuo, ambaye ndiye aliyetufundisha biolojia, alitusimamisha tulioanguka, tukiwa tisa. Akasema mtihani utarudiwa baada ya wiki sita, na atakayeanguka tena afunge sanduku lake jioni ileile, nafasi apewe mwingine.

Ingekuwa ni sanduku langu tu, nisingeogopa sana. Mimi ni mtu wa nyumbani. Kurudishwa nyumbani kwangu ni kama chura kufukuzwa aende bwawani. Lakini kijiji chetu, baada ya watu kuhamishwa na kukusanywa pamoja, kilijenga zahanati kwa kujitegemea. Wanawake walibeba maji, wanaume wakafyatua matofali, mabati yakapatikana kwa taabu ambayo sitaisimulia. Walipoomba mganga waliambiwa wakubwa hawana, ila kijana wenu mmoja yuko masomoni, msubirini. Wakafunga mlango kwa kufuli, wakanisubiri mimi. Wiki ileile niliyopata kumi na moja, mwenyekiti wa kijiji aliniandikia: "Popo wameshaingia darini. Juzi mke wa Sefu alishikwa na uchungu, akabebwa kwa kitanda kupelekwa Handeni. Hakufika. Soma kwa bidii, mwanetu."

Niliikunja barua ile nikaiweka mfuko wa shati, na kwa siku mbili sikuweza kula ugali wa chuo, jambo ambalo wenzangu walilipokea kwa moyo mmoja na sahani zao.

Ndipo ninapoingia kwa mtunza maabara.

Sijui alizaliwa wapi wala lini. Nilimkuta ni mzee tayari, Msambaa mwembamba, ana koti la kaki lenye madoa ambayo kila doa alilijua kwa jina la dawa iliyolifanya. Kazi yake ilikuwa kuosha mirija ya kioo, kufuta hadubini mbili za chuo, kukamata vyura na kushika funguo. Cheti hakuwa nacho. Alisema aliwahi kufundishwa kuchemsha vyombo huko milimani, kwenye misheni, akiwa kijana. Zaidi ya hapo ukimuuliza habari zake alikuwa kiziwi. Lakini kwa miaka yote aliyokaa pale, kila somo la biolojia lilipofundishwa yeye alikuwa nyuma ya darasa na kitambaa chake, anafuta kitu ambacho kilishafutwa. Amesikia somo la moyo mara nyingi kuliko imamu alivyosikia adhana.

Alinikuta nyuma ya maabara, kwenye karo la kuoshea mirija, nimerudia kughani. Safari hii nimeongeza sauti, nikiamini kosa lilikuwa sauti ndogo.

"Wewe Mzigua," akasema, "unamwita nani?"

"Nasoma, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Unasoma nini?"

"Figo."

"Haya. Damu inaingia figoni ikiwa na uchafu. Inatoka haina. Uchafu umekwenda wapi?"

Nikafumba macho, nikaanza, "Viumbe hai vyote vimeundwa kwa seli..."

"Sikukuuliza habari za viumbe vyote! Nimekuuliza uchafu!"

Akachukua mrija, akausuuza, akauinua juani kuutazama. "Wewe na figo mnasalimiana tu," akasema. "Kila siku habari gani, njema, habari gani, njema. Lakini jina la baba yake hulijui, wala kwao hujawahi kufika. Qurani uliihifadhi ili lisipotee hata neno moja, na hilo ni jema. Biolojia hii hakuna aliyekutuma uitunzie maneno. Mgonjwa hatakuja akuulize kuanzia ukurasa wa kwanza."

Toka siku hiyo, kila alasiri, tukitoka shamba la chuo na majembe yetu, nilikwenda karoni. Mambo aliyonifanyia pale yangeweza kuitwa mafundisho, kama aliyefanyiwa asingekuwa anatetemeka. Alikuwa anaosha huku anauliza, na jibu lilitakiwa litoke kabla mrija haujakauka. Kiangazi cha Korogwe mnakijua, mrija haukawii. Kitabu kilifungwa na kukaliwa. Alikikalia yeye mwenyewe, kwa sababu mimi, alisema, ningekichungulia hata kwa makalio. Nilichora kwa kijiti kwenye vumbi: moyo, mishipa, ini. Nikimaliza ndipo aliponyanyuka, tukafungua kitabu, tukatazama nilichosahau. Kila mara nilisahau kitu, na kila mara aliridhika kama mtu aliyeona pahali bati linapovuja.

"Umeona? Sasa tunajua pa kupanda na nyundo."

Kisha makopo. Alinipa makopo mawili ya maziwa ya unga, akaniagiza nikate vikaratasi, kila kikaratasi swali moja, niandike kwa mkono wangu na kwa Kiswahili, hata kama kitabu ni cha Kiingereza. Kopo moja la Najua, jingine la Sijui. Vikaratasi vyote vilianzia Sijui. Kimoja kiliruhusiwa kuhama kikijibiwa leo, kikajibiwa kesho, kikajibiwa na mtondogoo. Ukikosa mara moja tu kinarudi mwanzo, na nyuma yake unaandika tarehe ya aibu yako. Nilimwambia mtondogoo ni mbali, nitakuwa nimeshasahau.

"Ndiyo maana yake," akasema. "Nataka usahau kidogo, halafu ukitafute. Kitu ulichokitafuta kwa jasho hukisahau. Uliza aliyepotelewa na mbuzi."

Mwenzangu Mhina, aliyekuwa mmoja wa wale tisa, alikuja siku moja na kitabu chake kutazama mambo haya. Mhina alikuwa na penseli za rangi nne na hakuna mstari katika kitabu kile ambao haukupigwa rangi. Mtunza maabara akakipokea kwa mikono miwili, akakifungua, akakitazama muda mrefu.

"Mwanangu, umekipaka wanja, umekipaka hina, umekipaka rangi ya mdomo. Mahari umepeleka lini?"

Mhina akacheka. Akaulizwa ukurasa mmoja wenye rangi zote nne unasemaje. Hakujua. Alikuja siku mbili, akaona kule bwenini kunasomeka vizuri zaidi kwa sababu hakuna anayemuuliza.

Nisimfanye mzee huyu malaika. Alikuwa na ulimi wa pilipili kichaa. Siku niliyoshindwa swali moja mara tano aliniambia akili yangu ni kama barabara ya Kwedizinga, tone moja la mvua na haipitiki. Nami, kwa kuwa Mzigua na Msambaa ni watani, nikamwambia barabara yetu ina mashimo kwa sababu ya Wasambaa wanaoteremka kuja kuomba mahindi. Akacheka hadi akavunja mrija, kisha akanikasirikia kwa mrija uliovunjika.

Na alikuwa hafuati maneno yake mwenyewe. Kutwa alituhubiria kwamba kazi ya mwezi haifanywi kwa siku moja, kwamba anayesoma yote usiku wa kuamkia mtihani ni sawa na anayekula futari ya mwezi mzima magharibi moja. Lakini likija neno kwamba mkaguzi yuko njiani, ungemkuta yeye na kitambaa chake, anabandika lebo mia kwa asubuhi moja, jasho linamtiririka, chura anaandikwa mjusi. Vilevile alituambia tusiogope mtihani, mtihani ni swali tu lililovaa suti. Na siku ya mtihani wowote ule, yeye asiyefanya mtihani, alikimbilia mwisho kabisa wa kiwanja cha chuo na kukaa huko hadi kengele ilipolia. Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kujaribu cheti. Akaniambia mirija haimwulizi cheti. Lakini mkono uliokuwa unasuuza ulisimama kidogo.

Alinitaka pia nimweleze mtu asiyesoma. "Kama hakuelewa, kosa ni lako." Nikamchagua mama mpishi wa chuo. Nilimweleza jinsi maji yanavyohama kwenye seli kufuata chumvi, nikatumia maneno yote ya kitabu. Mama mpishi akanisikiliza, akasema, "Kwani hujaona kachumbari? Ukitia chumvi mapema, kitunguu kinatoa maji, kinalegea. Na maharage nikiyaloweka kwenye maji matupu yanafura mpaka yanapasuka ganda. Sasa umesomea nini hapo?" Nilirudi karoni nimenywea. Mtunza maabara akafurahi kupita kiasi. Akaniambia niandike kikaratasi.

Wiki sita zikaisha. Barua ya pili ilikuja kutoka kijijini, sikuifungua. Mtihani nikaufanya nikiwa nimelala usiku wote, kwa amri yake. Maswali yalikuja kutoka katikati, kutoka mwisho, kutoka pembeni. Nikayajibu kutoka hukohuko. Nilipata sabini na nane.

Mnadhani nilishangilia. Mkuu wa chuo aliniita ofisini kabla sijamaliza kusoma ubao wa matokeo.

Karatasi za mtihani, kumbe, zilikuwa zimefungiwa kwenye kabati la maabara, kwa kuwa ndilo pekee lenye kufuli la maana. Na mwenye funguo alikuwa mmoja. Na huyo mmoja ameonekana na mimi kila alasiri, nyuma ya jengo, tunanong'ona.

Nilimkuta mtunza maabara amesimama mlangoni kwa ndani, mikono nyuma. Funguo zake zilikuwa juu ya meza ya mkuu. Sikuwahi kuziona mbali na mwili wake, zikanitisha kuliko kama ningemwona bila shati.

"Hakuna anayepanda mlima wa Lutindi kwa hatua moja," mkuu akasema. "Kumi na moja. Sabini na nane. Nieleze."

"Nilisoma, mkuu."

"Mtu akipewa karatasi naye hujiita amesoma. Nitakuuliza kwa mdomo. Ukishindwa, unaondoka leo, na huyu mzee anaondoka kabla yako."

Nilimtazama mzee. Alikuwa anatazama sakafu. Nikaona miguu yake inageuka kidogo kuelekea nje, kama ya mtu anayetaka kukimbilia mwisho wa kiwanja, ila safari hii mlango ulikuwa umefungwa.

"Damu imetoka kwenye ini," mkuu akaanza. "Ipeleke mpaka ifike kidoleni."

Kutoka kwenye ini! Ulimi ukataka seli. Kabisa, niliusikia unajipanga: viumbe hai vyote. Nikaomba chaki. Nikapiga magoti, nikachora kwenye sakafu ya ofisi, mkuu akavuta viatu vyake. Ini, mshipa mkuu, moyo upande wa kulia, mapafu, moyo upande wa kushoto, bega, mkono, kidole. Nikainuka na goti jeupe.

"Mgonjwa ameishiwa maji. Una maji safi, yamechemshwa, hayana kitu. Unamtia kwenye mshipa?"

"Hapana, mkuu. Chembe za damu zitafura kama maharage yaliyolowekwa, zitapasuka."

"Maharage yako wapi kwenye kitabu?"

"Yako jikoni, mkuu."

Hakucheka. Akafungua kitabu mwishomwisho, akaweka kidole. "Wengu, yaani bandama. Kazi yake nini?"

Wengu. Ningali nauchukia mpaka leo. Nilikuwa nimeusoma, nimeuchora, nimeukosa, nimeurudia, nimeukosa. Nilisikia mzee anavuta pumzi mlangoni. Ningeweza kubuni, nina kipaji hicho. Lakini wiki sita za karo zilikuwa zimeshaniharibia kipaji.

"Sijui," nikasema.

"Hujui!"

"Sijui tangu wiki iliyopita, mkuu. Umo kwenye kopo."

Mkuu akaniangalia kama anayetazama mtu aliyepandwa na homa. Kopo gani? Nikaeleza. Akatumwa mtu bwenini, akarudi na makopo yangu mawili. Mkuu akalimwaga la Sijui juu ya meza, kando ya funguo. Vilikuwa vimebaki vikaratasi vichache. Akavigeuza kimoja kimoja hadi akakifikia cha wengu. Mbele swali, kwa mwandiko wangu mbaya. Nyuma tarehe nne, moja chini ya nyingine, ya mwisho siku tatu kabla ya mtihani. Akachukua kopo la Najua, akachomoa kikaratasi, akasoma tarehe zake. Akachomoa kingine. Aliendelea hivyo kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko safari ya Tanga.

"Mwizi wa mtihani," akasema mwishowe, si kwangu, "haandiki siku alizokosa."

Akazisukuma funguo kwa kidole zikafika ukingoni mwa meza. Mtunza maabara akazichukua, akazifunga kiunoni. Nilitegemea aseme neno, walau amkaripie mtu. Akasema, "Mirija bado haijaoshwa, mkuu," akatoka. Nilimfuata nimshukuru. Alikuwa ameshafika mwisho wa kiwanja, amekaa chini, ameinamisha kichwa magotini. Nikamwacha.

Nilipohitimu nilipelekwa nyumbani. Kufuli lilikatwa kwa tindo kwa sababu mwenyekiti alikuwa amepoteza ufunguo, popo wakatolewa, nikaanza kazi, na tangu hapo sijaenda popote. Walioanza na mimi wamefika Muhimbili. Mimi nimefika dirishani pa zahanati.

Miaka kadhaa ilipita, ikaja ile ya taabu, dawa za kubahatisha, sabuni kwa kibali. Asubuhi moja niliita, "Anayefuata!" nikaona mwisho wa benchi, ameketi nyuma ya wanawake na watoto wao, mzee mwembamba mwenye koti la kaki. Alikuwa ametoka Mpale, huko milimani, amemtembelea binti yake aliyeolewa upande wetu, hali ikamzidi. Alikuwa amekaa zamu yake kama wote, hakutuma mtu kuniambia. Anahema.

"Shikamoo mzee!"

"Marahaba. Fanya kazi, watu wanangoja."

Nikamwingiza mbele, mlango ukabaki wazi, foleni nzima ikanyoosha shingo. Miguu yake ilikuwa imevimba. Nikabonyeza kwa kidole gumba, shimo likabaki. Nilinyoosha mkono kwenye rafu ya vitabu.

"Acha kitabu," akasema, pumzi ikikatika. "Unadhani nini?"

"Mzee, umechoka..."

"Nimekuuliza."

"Moyo. Unachoka."

"Moyo uko kifuani. Mbona mguu ndio umevimba?"

Hapo nilipiga magoti tena, nikiwa mtu mzima mwenye koti jeupe, nikamweleza huku nimeshika mguu wake: pampu ikichoka damu inarudi kwa shida, inarundikana huku chini, maji yanajipenyeza nje ya mishipa. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu, macho ameyafumba.

"Na tiba yake?"

Nikatazama kabati langu. "Sijui kama ninayo ya kukutosha. Hapa huwezi kukaa. Uende hospitali leo."

"Vizuri," akasema. "Hilo ndilo nililotaka kulisikia." Akafumbua macho, akautazama ukuta, madirisha, bati, na mizani ya watoto inayoning'inia. "Kumbe ndiyo hii iliyokuwa inakusubiri."

Nikataka kuwaambia watu wale huyu ni nani. Nikageukia mlangoni, nikasema, "Jamani, huyu mzee ndiye..." machozi yakanitoka, nikasimama pale na karatasi ya rufaa mkononi haijaandikwa neno. Nje, lori la mahindi la kwenda Handeni lilikuwa limemaliza kupakia, dereva anapiga honi. Jirani yangu Mama Zuhura, ambaye ukuta wa jiko lake umepakana na wangu, alikuwa wa kwanza kwenye foleni na mjukuu mgongoni. Akatutazama, mzee kwanza, kisha mimi, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Keshakuuliza, umemjibu, umefaulu, basi! Futa machozi uandike hiyo barua, maana lori linaondoka na wewe bado unafanya mtihani."